Salzburg na watoto: Mozart, dada yake, na fahali wa ngomeni

Jumatano

Wifi yangu ni muuguzi Munich, na kila akipiga simu nyumbani Moshi wimbo wake ni mmoja: mkija, nawapeleka Salzburg. Sababu yake ina uchumi ndani kuliko muziki. Salzburg iko Austria, lakini tiketi ya siku moja ya treni za jimbo la Bavaria inakubalika hadi stesheni kuu ya Salzburg, na tiketi moja inabeba kundi la hadi watu watano. Sisi tulikuwa watano hasa: mimi, Baba Upendo, Upendo wa miaka 12, Baraka wa miaka minane, na shangazi yao. Sharti la tiketi hiyo ni kwamba siku za kazi hairuhusiwi kabla ya saa tatu asubuhi, kwa hiyo tulikunywa chai bila haraka.

Njia yenyewe haifiki saa mbili. Ukipita Rosenheim milima inaanza kukusogelea upande wa kulia, na abiria wote wanatoa simu wapige picha. Wanangu wakaangalia, wakarudi kwenye mchezo wao wa karata. Mtoto wa Moshi humtishi kwa mlima.

Tulifikia nyumba ya wageni karibu na stesheni, tukatupa mabegi, tukashuka mjini kwa miguu kufuata mto Salzach. Mji wa kale unauona mzima ukiwa kwenye daraja: minara ya makanisa chini, ngome nyeupe ya Hohensalzburg juu ya mwamba, mto katikati. Huo uzuri wote umejengwa kwa pesa ya chumvi. Watawala wa hapa walikuwa maaskofu wakuu ambao pia walikuwa wafalme wa nchi yao ndogo, na chumvi iliyochimbwa milima ya jirani, hasa Dürrnberg kule Hallein, ikashuka mtoni kwa mashua, ndiyo iliyolipa mafundi, wachoraji na wanamuziki. Akina Mozart nao walikula mshahara huo huo wa chumvi, maana baba yao Leopold alikuwa mwajiriwa wa askofu mkuu.

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa uwanja wa Mozartplatz. Kwenye mnara wa jengo la jirani kuna kengele 35, zilizonunuliwa Antwerp mwaka 1695 na askofu mkuu Johann Ernst von Thun, na mpaka leo hupiga nyimbo mara tatu kwa siku. Zilipomaliza, sauti ya ajabu ikatoka juu ngomeni, kama ng'ombe aliyenyimwa majani. Baraka akaruka. Shangazi yake akamwambia huyo ni Fahali, atamwona Ijumaa. Tangu dakika hiyo Mozart hakuwa na nafasi tena kwa kijana wangu.

Mozart mwenyewe amesimama katikati ya uwanja, shaba tupu, tangu mwaka 1842. Mji ulimpa sanamu miaka 51 baada ya kufa kwake. Alipokuwa hai aligombana na askofu mkuu Colloredo hadi mwaka 1781, kule Vienna, afisa wa askofu aliyeitwa Count Arco akamtoa mlangoni kwa teke. Hilo tunalijua kwa sababu Mozart alimwandikia baba yake barua akalieleza. Sasa uso wake uko kwenye chokoleti, miavuli, soksi na bata wa plastiki wa kuogea.

Saa tatu usiku jua bado lilikuwa halijazama. Kuwalaza watoto ilikuwa kazi.

Alhamisi

Siku ya makumbusho. Tulinunua kadi ya Salzburg ya saa 72. Ziko za saa 24 na 48 pia. Kwa familia inayotaka kuona vitu vingi inalipa: unaingia kila makumbusho mara moja, unapanda mabasi ya mjini, na kile kigari cha kupandia ngomeni kimo. Mabasi mengi ni ya umeme yenye mikono miwili inayoshika nyaya juu, nayo yako barabarani tangu mwaka 1940. Na maji msinunue. Maji ya bomba hapa mengi hutoka mlima Untersberg na ni matamu. Tulibeba chupa tukawa tunajaza.

Getreidegasse ni mtaa mwembamba wa maduka, na juu ya kila mlango kuna alama ya chuma iliyofuliwa kwa ustadi: ufunguo, kiatu, tawi la mti. Hata McDonald's wametengenezewa ya kwao ili wasiharibu sura ya mtaa. Kati ya nyumba na nyumba kuna vichochoro vya kupenya hadi mtaa wa pili, na mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar hatapotea humo.

Namba 9 ni nyumba ya manjano. Ghorofa ya tatu ndipo Wolfgang alipozaliwa tarehe 27 Januari 1756. Familia ilipanga hapo tangu mwaka 1747 hadi 1773 kwa mfanyabiashara aliyeitwa Hagenauer. Ngazi zina msongamano, vyumba vina dari fupi, na mgeni wa Korea, wa Brazili na wa Moshi wote wanakanyagana mbele ya fidla moja ndogo, ile aliyopiga akiwa mtoto. Ni ndogo kweli. Baraka aliuliza kama ni ya kuchezea.

Kilichonisimamisha mimi kilikuwa hesabu tu: katika nyumba ile walizaliwa watoto saba, wakaishi wawili. Maria Anna, waliyemwita Nannerl, wa mwaka 1751, na Wolfgang, wa mwisho. Mama yao, Anna Maria, katika mabango ya makumbusho hupewa mistari michache, halafu habari inaruka kwenye fidla.

Mchana tulikula bosna kwenye kibanda kilichojificha ndani ya kichochoro cha Getreidegasse namba 33. Ni soseji mbili za kuchoma ndani ya mkate, haradali, vitunguu, na juu yake binzari ya unga, ile tunayotia kwenye mchuzi. Iliingizwa mjini hapa na Mbulgaria mmoja mwishoni mwa miaka ya 1940. Foleni ilifika nje barabarani. Baba Upendo, mpenzi wa kitimoto, alikula ya kwanza kimya kimya na kurudi kwenye foleni.

Kisha tukavuka mto kwenda nyumba ya pili ya akina Mozart, Makartplatz, walikohamia mwaka 1773 walipopata nafuu ya pesa. Hii ni kubwa, ina ukumbi, ina hewa. Sehemu yake kubwa ilibomolewa kwa bomu mwaka 1944 ikajengwa upya, na kwa mtazamo wangu, kama una muda wa nyumba moja tu, njoo hii uache ya manjano. Wengi wanafanya kinyume.

Humo ndimo tulipoiona ile picha ya familia iliyochorwa karibu na mwaka 1780. Dada na kaka wamekaa kwenye kinanda kimoja, bega kwa bega, mikono yao imepishana: mkono wa mmoja umevuka juu ya wa mwenzake. Baba amesimama pembeni na fidla. Mama yuko ukutani, ndani ya fremu yake, kwa sababu alikuwa ameshafariki. Alikufa Paris tarehe 3 Julai 1778, akiwa amemsindikiza Wolfgang kutafuta kazi. Mchoraji hakutaka kumwacha, akamchora picha ndani ya picha.

Upendo anajifunza kinanda parokiani. Alisogea hadi mlinzi akakohoa.

"Mama, huyu dada naye alikuwa anapiga?"

"Alianza yeye."

Ndivyo ilivyokuwa. Leopold alimwandalia Nannerl daftari la mazoezi mwaka 1759, na Wolfgang alijifunzia kwenye daftari la dada yake. Tarehe 9 Juni 1763 baba akawapakia wote kwenye gari la farasi, na hawakurudi Salzburg hadi Novemba 1766: Munich, Brussels, Paris, London, Uholanzi, mbele ya wafalme na wenye pesa. Miaka mitatu na nusu ya safari ya familia! Mimi siku moja ya ndege na Baraka ilinitosha. Kule The Hague Nannerl aliugua hadi akapewa sakramenti ya wagonjwa. Mwaka 1764, wakiwa London, Leopold aliandika nyumbani kwamba binti yake wa miaka 12 ni miongoni mwa wapigaji hodari kabisa wa Ulaya.

Miaka 12. Upendo alisikia hiyo akaniangalia kwa jicho ambalo wazazi wa mabinti wanalijua.

Akaniuliza ikawaje baadaye. Nikamwambia alivyonifundisha shangazi yake tukiwa kwenye basi. Nannerl alipofika umri wa kuolewa hakusafirishwa tena. Kuanzia Desemba 1769 baba na mwana walikwenda Italia peke yao, mama na binti wakabaki. Alitunga muziki, tunajua hivyo kwa kuwa Wolfgang alimsifia wimbo wake kwenye barua, lakini hakuna hata kazi moja iliyobaki. Mwaka 1784 akaolewa na hakimu wa St. Gilgen, mjane mwenye watoto watano. Baba Upendo akasema, "Yaani walimfanya wa akiba." Nilitaka kumbishia, sikupata la kusema.

Jioni Upendo alinunua chokoleti za Mozart. Ukitaka zile zenyewe tafuta duka la Fürst: karatasi ya fedha yenye maandishi ya bluu. Paul Fürst ndiye aliyezibuni mwaka 1890, na bado zinatengenezwa kwa mkono, tonge la lozi na pistachio katikati, linachomwa kijiti na kuchovywa kwenye chokoleti. Zile nyekundu na dhahabu unazoziona uwanja wa ndege ni za kiwandani. Si mbaya, ila si hizo.

Ijumaa

Mvua. Salzburg ina mvua yake nyembamba iliyonyooka, inakuja na kukaa kama mgeni asiye na nauli ya kurudi. Shangazi akasema basi twende Hellbrunn, huko tungelowa hata kama jua lingewaka.

Basi namba 25 linakufikisha. Hellbrunn ni kasri la starehe la askofu mkuu Markus Sittikus, lililoanza kujengwa mwaka 1613, na bustani yake imejaa mitego ya maji. Kuna meza ya mawe yenye viti vya mawe pande mbili. Mwongozaji aliwakaribisha waliojitolea wakae, na Baraka akawahi. Hapo nyuma ya ukuta mtu anafungua bomba, na maji yanaruka kutoka katikati ya kila kiti. Kila kiti, isipokuwa cha askofu. Na adabu ya wakati ule ilikuwa kwamba hakuna mgeni anayesimama kabla ya mwenyeji kusimama. Waheshimiwa walikaa hapo wakiloa huku wakitabasamu. Nimeshakaa vikao vya namna hiyo, ila bila maji.

Hakuna pampu wala umeme. Maji hushuka yenyewe kutoka chemchemi, na kwa msukumo huo huo kuna taji la chuma linalopaa juu ya mchirizi, uso unaotoa ulimi na kuzungusha macho, na jukwaa dogo la mji mzima lenye wanasesere karibu mia mbili: mchinjaji, kinyozi, askari wa gwaride, kila mmoja na kazi yake. Lilijengwa kati ya mwaka 1748 na 1752. Kinanda cha maji kinapiga muziki humo ndani ili, wanavyosema, kufunika kelele za mitambo. Baba Upendo, ambaye ni fundi, hakutaka kuondoka pale. Alikuwa anatafuta gurudumu.

Mchana tukapanda ngomeni na kile kigari kinachovutwa kwa kamba ya chuma, kinachofanya kazi tangu mwaka 1892. Ngome ilianzishwa mwaka 1077. Wakulima walioasi waliizingira mwaka 1525 wakashindwa kuiingia, na juu ya kuzingirwa wenyeji wana hadithi yao: chakula kilipoisha ndani, akabaki fahali mmoja. Wakamtembeza juu ya ukuta adui amwone. Kesho yake wakampaka rangi nyingine, wakamtembeza tena. Keshokutwa tena. Adui akaona hawa wana zizi zima, akakata tamaa. Kisha fahali akapelekwa mtoni kuoshwa, na ndiyo maana watu wa Salzburg wanataniwa mpaka leo kuwa waosha fahali.

Yule Fahali anayenguruma ni kitu kingine, mashine ya mabomba zaidi ya mia iliyowekwa mwaka 1502 na askofu mkuu Leonhard von Keutschach. Hupuliza mkoromo mmoja mkubwa wa kuanzia na wa kumalizia nyimbo. Baraka aliposikia kwamba si ng'ombe ni mabomba, alinuna hadi chakula cha usiku, ambapo ililetwa sahani ya Salzburger Nockerl: povu la mayai na sukari lililookwa likasimama vilele vitatu, na unga wa sukari juu. Ile theluji ilimrudisha. Mlima huo ndio pekee alioujali safari nzima.

Jumamosi

Hii ndiyo siku niliyoitaka mimi. Ukitoka stesheni kuu, chini kuna treni nyekundu ya njia ya kaskazini, na chini ya nusu saa unafika Oberndorf. Wazungu wachache walishuka, na sisi.

Wimbo wa "Usiku Mtakatifu", ambao kwetu Krismasi haianzi bila huo, uliimbwa mara ya kwanza hapa, tarehe 24 Desemba 1818, katika kanisa la Mtakatifu Nikolaus. Maneno ni ya padre msaidizi Joseph Mohr, aliyekuwa ameyaandika mwaka 1816. Sauti ni ya Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule ya kijiji cha jirani. Waliimba wawili, Mohr sauti ya juu na gitaa mkononi, Gruber besi.

Kanisa hilo halipo. Mto ulifurika mara nyingi mno, likabomolewa, na mahali pake pamejengwa kikanisa cha pembe nane, kidogo kiasi kwamba kwaya yetu isingeenea ikakaa. Kilikamilika mwaka 1937. Madirishani kuna vioo vya rangi, Mohr upande mmoja na Gruber upande wa pili. Fuvu la Mohr limejengewa ndani ya ukuta, jambo ambalo Baraka aliomba lirudiwe mara mbili.

Watu wa hapa walikuwa wapiga makasia wa mashua za chumvi. Mwaka 1816 vita vya Napoleon vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, mwaka ule haukuwa na kiangazi, mavuno yakaharibika, na mto Salzach ukafanywa mpaka: Laufen ng'ambo ikawa Bavaria, Oberndorf ikabaki upande huu. Mji mmoja ukawa nchi mbili. Leo unavuka daraja la chuma kwa miguu na kuwa Ujerumani, na siku hiyo hakuna aliyetuuliza kitu. Tulivuka, tukala aiskrimu Laufen, tukarudi. Baba Upendo, aliyewahi kulala Holili akisubiri mhuri wa kuingia Taveta, alivuka mara ya pili kwa raha zake tu.

Tulipokuwa ndani ya kikanisa peke yetu shangazi alianzisha wimbo kwa Kiswahili, Juni hiyo. Wazee wawili wakaingia, wakavua kofia, wakaunga kwa Kijerumani. Beti hazikulingana urefu lakini tulimaliza pamoja.

Jumapili

Misa ya saa nne Kanisa Kuu. Nje, mafundi walikuwa wanafunga majukwaa ya viti kwa ajili ya tamasha la kiangazi, lile lililoanza mwaka 1920 hapo hapo mbele ya kanisa. Ndani, kuba ambalo bomu la Oktoba 1944 liliangusha limerudishwa, huwezi kujua. Kwenye nguzo nne za katikati kuna vinanda vinne vya mabomba, mbali na kile kikubwa cha nyuma, kwa hiyo muziki unakuja kutoka pande usizozitarajia. Upendo aligeuza shingo Misa nzima. Sikumgombeza.

Baadaye tukaenda kwenye kisima cha ubatizo, kushoto ukiingia. Ni cha shaba, cha mwaka 1321, kimekaa juu ya migongo ya simba wanne. Wolfgang alibatizwa humo siku moja baada ya kuzaliwa. Watalii wanapiga picha, wanaondoka. Lakini mwaka 1792 aliletwa kwenye kisima hicho hicho Joseph Mohr, mtoto wa mama maskini mfuma soksi na askari aliyetoroka jeshi kabla hajazaliwa. Msimamizi wake wa ubatizo alikuwa mnyongaji wa serikali, Wohlmuth, ambaye hata yeye hakuja, alituma mwakilishi. Mtoto wa aina hiyo alihitaji ruhusa maalumu ya Kanisa ili awe padre.

Mnyongaji hana duka la chokoleti.

Tulimalizia makaburi ya Mtakatifu Petro, nyuma tu ya kanisa, chini ya mwamba. Nannerl yuko humo, katika kaburi la pamoja. Mumewe alipofariki mwaka 1801 alirudi Salzburg, akafundisha kinanda watoto wa watu, akapofuka, akafa mwaka 1829. Upendo alitaka kuacha ua, nikampa hela akanunue. Akarudi na chokoleti ya Fürst, kasema maua yalikuwa ghali. Akaiweka. Kaka yake mdogo akauliza kama itakaa pale tu, akaambiwa ndiyo, akasema huo ni uharibifu.

Kurudi Munich, kaeni na pasipoti mkononi: Freilassing polisi wa Ujerumani waliingia behewa kwa behewa kukagua. Hawakutusumbua. Shangazi alikuwa ameshapata kwenye simu noti za lile daftari la Nannerl, taasisi ya Mozarteum imeweka kazi hizo mtandaoni bure, na Upendo alikuwa anapiga menueti, muziki wa dansi ya zamani, kwenye meza ya kiti, akidai vidole vya Baraka vikae upande wa kushoto wapishanishe mikono kama kwenye picha. Baraka alikubali kwa sharti la chokoleti tatu. Wakashuka bei hadi mbili kabla ya Rosenheim.